Pachi ya Pure Data imegoma? Anzia hapa kabla hujaifuta

Huku Bagamoyo, Magomeni, tuna chumba kimoja tunakutana jioni watu sita saba hivi, wengine wamepitia TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, wakasoma ngoma na muziki, wengine ni mafundi simu tu ambao walisikia makelele wakaja kuchungulia wakabaki. Tunachotumia ni Pure Data, sisi tunaiita Pd. Kwa ambaye ndo kwanza anaisikia: ni programu ya kutengeneza sauti ambayo badala ya kuandika kodi mstari kwa mstari unaweka maboksi kwenye skrini unayaunganisha kwa nyaya, na huo mchoro mzima ndo pachi. Aliiandika Miller Puckette, yuleyule aliyeanzisha Max, programu ya aina hiyohiyo, pale IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki Paris, miaka ya 1980, Pd yenyewe ikatoka 1996, na ni ya bure kabisa.

Sasa kila wiki napokea meseji ya aina ileile, "kaka shikamoo, Pd imeharibika". Nimeshaenda kuangalia hizo Pd zilizoharibika mara nyingi tu na bado sijaikuta hata moja, huwa ni pachi, au laptopu, au umeme. Kwa hiyo nimekusanya malalamiko yanayojirudia, nimeyapanga kwa dalili. Kwenye kila dalili naanza na sababu inayotokea sana, zile za nadra zinakuja mwisho, usiruke.

Kabla ya yote punguza sauti ya amplifaya au hedifoni mpaka chini. Hedifoni itoe masikioni, iache shingoni. Pachi iliyogoma ukiipatia dawa huwa inarudi kwa kishindo, na Pd haina aibu, ukiiambia itoe sauti kubwa mno itaitoa.

"Kimya kabisa, hamna kitu"

Hii ndo namba moja. Maji yasipotoka bombani huanzi kufukua barabara, unaanza na koki, sa hapa koki ni DSP. Kwenye dirisha kuu la Pd, lile linaloandika makosa, kuna kiboksi kimeandikwa DSP, kama hakina tiki basi hamna hesabu ya sauti inayofanyika. Bonyeza Ctrl na mkwaju (/) kuwasha, Ctrl na nukta kuzima. Usicheke, nusu ya wanaoniita tatizo lao linaishia hapa, na mi mwenyewe limenikuta mbele za watu.

Kama DSP imewaka na bado kimya, nenda menyu ya Media, chagua Test Audio and MIDI. Litafunguka dirisha lenye sauti ya majaribio, bonyeza 60 kwanza, sio 80, maana 80 ni kubwa. Hapo ndo unagawanya tatizo vipande viwili. Ukisikia mlio, laptopu na nyaya za nje ni wazima, kosa lipo ndani ya pachi yako. Usiposikia, achana na pachi kabisa, tatizo liko nje.

Likiwa nje, angalia Audio Settings humohumo kwenye Media, tazama sauti inatoka kwenye kifaa gani. Kuna kijana alihangaika saa nzima anafungua na kufunga pachi, kumbe alikuwa amechomeka projekta kwa waya wa HDMI na kompyuta ikaamua yenyewe kwamba spika ni projekta, na ile projekta spika haina. Alipochomoa waya, ngoma ikalia kwa nguvu mpaka jirani akagonga ukuta. Angalia pia kama kuna programu nyingine imeishikilia kadi ya sauti, ifunge, kisha rudi Audio Settings bonyeza Apply.

Likiwa ndani ya pachi, kwa mpangilio wa ninavyokutana nayo:

Cha kwanza ni boksi la *~ lisilo na namba. Hilo linazidisha sauti kwa kinachoingia tundu la kulia, na kama hakijaingia chochote linazidisha kwa sifuri, na sifuri mara chochote unajua mwenyewe. Ndugu yake ni slaida: ukifunga pachi ukaifungua tena slaida inarudi sifuri, sauti iliyokuwa inalia jana leo hamna. Isukume kidogo uone. Ukitaka ikumbuke ilipokuwa, bonyeza kitufe cha kulia juu yake, ingia Properties, washa init, afu hifadhi pachi.

Cha pili kinanifurahisha kila nikikikuta: mtu anatuma noti 60 moja kwa moja kwenye osc~, boksi linalotoa mlio, bila kupitisha mtof, boksi linalogeuza namba ya noti kuwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Yeye anadhani anapiga C ya katikati, ambayo ni kama hezi 261.6, kumbe osc~ imepokea hezi 60. Sauti ipo! Ila spika za laptopu hazina uwezo wa kuitoa, ukivaa hedifoni nzuri utaisikia inanguruma huko chini. Weka mtof katikati.

Cha tatu, dac~, boksi la mwisho linalopeleka sauti kwenye spika, imeunganishwa tundu moja tu, sauti inatoka kushoto peke yake, na waya wa hedifoni upande huohuo umekatika. Yaani makosa mawili yamekutana. Peleka waya mwingine tundu la kulia.

Ukiwa hujaona bado, fuata sauti kutoka kwenye chanzo hadi dac~. Tengeneza boksi la env~, chini yake weka boksi la namba, waya wake uchomeke baada ya osc~, soma, afu baada ya *~, soma, unashuka hivyohivyo. env~ inasoma desibeli kwa kipimo ambacho 100 ni ukubwa wa 1, kwa hiyo osc~ ya ukubwa kamili itasoma kama 97, na kimya ni 0. Pale ilipokuwa 97 juu na 0 chini, boksi lililo katikati ndo mwizi wako. Hii njia nairudia kila siku kwa sababu watu hawaitaki, wanapenda kuchomoa nyaya zote kwa hasira waanze upya, na wakianza upya wanarudia kosa lilelile.

Sababu ya nadra: ndani ya pachi ndogo kuna switch~ iliyozima hesabu. Kama hukuiweka wewe, itakuwa ameiweka aliyekupa pachi.

"Slaida haisogei, kitufe hakibonyezeki"

Upo kwenye hali ya kuhariri. Mshale ukiwa umbo la kiganja, ni kuhariri, bonyeza Ctrl na E. Tuendelee.

"Boksi limekuwa na vidoti pembeni, limeandika couldn't create"

Maana yake Pd haijui hilo boksi ni nini. Nafasi. Ni nafasi, nakwambia. Watu wanaandika osc~440 pamoja badala ya osc~ 440, au *~0.1 badala ya *~ 0.1. Baada ya nafasi ni herufi kubwa, simu na kompyuta zimetuzoesha kuanza na herufi kubwa lakini Osc~ na osc~ kwa Pd ni watu wawili tofauti. Afu kiwimbi chenyewe, hii alama ~, kibodi nyingine wanaificha kona ya juu kushoto, wengine wanaandika mstari wa kawaida wakidhani ni ileile.

Kama maandishi yako sawa, uliza pachi imetoka wapi. Zipo pachi nyingi mtandaoni zilizoandikwa enzi za Pd-extended, ile iliyokuja na maboksi kibao ya ziada, toleo lake la mwisho ni la 2013. Pd ya kawaida tunayopakua sasa hayo maboksi haina mpaka uyalete mwenyewe. Nenda menyu ya Help (matoleo mapya iko Tools), Find externals, andika jina la boksi, pakua, afu kwenye pachi yako weka boksi la declare -lib na jina la maktaba, hifadhi, funga, fungua tena. Bando liwepo.

Sababu ya tatu ni yetu wenyewe: mtu anatuma pachi moja kwa WhatsApp, lakini ndani kuna maboksi ambayo ni mafaili mengine ya .pd aliyoyatengeneza na hajayatuma. Weka folda nzima kwenye zipu utume zipu.

Huoni boksi bovu liko wapi kwenye pachi kubwa? Shika Ctrl ubonyeze ule mstari wa kosa kwenye dirisha la Pd, itakupeleka hadi lilipo.

"Waya unakataa kushika"

Nyaya za Pd ziko aina mbili: mnene unabeba sauti, mwembamba unabeba meseji na namba. Ukiona imeandikwa "signal outlet connect to nonsignal inlet", umejaribu kupitisha sauti pasipopitisha sauti.

Mara nyingi uliandika * ukasahau kiwimbi. Hiyo rahisi. Ila ipo moja inayowatesa hata wazoefu: umeandika *~ 0.1 kwa nia njema, afu unataka kuingiza sauti nyingine tundu la kulia ili izidishe ya kwanza, inakataa. Kwa sababu ulipoweka namba ndani ya boksi, tundu la kulia limegeuka la namba tu. Futa hiyo 0.1, iache *~ tupu, waya utaingia. Ndo vilevile kwa +~ na wenzake. Ukitaka kinyume chake, yaani sauti igeuke namba, tumia snapshot~ ukiipiga bang (meseji ya "fanya sasa") kwa metro, boksi la kupiga mapigo, au env~ kama unachotaka ni ukubwa tu.

"Sauti inakwaruza, inapasuka, inakatakata"

Hapa niulize kwanza, inapasuka *lini*? Maana watu wanaita yote kupasuka na dawa ni tofauti kabisa.

Inapasuka muda wote, na ukipunguza slaida inakuwa safi: umezidisha. dac~ inapokea kuanzia -1 mpaka 1, kikizidi hapo inakata kichwa cha wimbi. osc~ moja tayari inafika 1, ukijumlisha nne una 4, na mwenzako anashangaa mbona kila moja peke yake ilikuwa nzuri. Weka *~ 0.25 kabla ya dac~ kwa nne, kwa nane weka ndogo zaidi. Usipunguze kwenye amplifaya ukadhani umetibu, kichwa kilishakatwa ndani ya kompyuta, utasikia mkwaruzo uleule kwa sauti ya chini.

Inapasuka pale tu unapogusa kitu, "tk" kila unapowasha au kuzima noti, "zzzp" ukisogeza slaida: umerusha namba ghafla. Sauti ilikuwa 0 mara ikawa 0.3 bila kupita katikati, na sikio linasikia huo mruko. Dawa ni line~. Chukua boksi la meseji, andika ndani $1 20, waya wa slaida uingie humo, humo uende line~, na line~ ndo iingie tundu la kulia la *~. Sasa namba inapanda taratibu kwa milisekunde 20. Kwa ngoma ipunguze hadi 5 au hata 2, la sivyo unaua ule mgongano wa kiganja na ngozi, na ngoma bila mgongano ni kama mtu anapiga mto. Tulibishana sana hapa chumbani, mpiga ngoma mmoja alisema pachi yangu "inapiga kwa soksi", na alikuwa sahihi, nilikuwa nimeweka 30.

Inakatika ovyo bila mpangilio, hata hujagusa: kompyuta haiwahi. Fanya hivi kwa zamu. Funga kivinjari, zile tabu kumi na tano za video zinakula. Zima hali ya kubana betri. Ingia Audio Settings ongeza Delay, kama ilikuwa 10 weka 25, ikibaki weka 50. Hasara yake ni kwamba unapiga pedi sauti inakuja nyuma, kwa hiyo usiiache juu bila sababu. Fungua Load Meter kwenye Media uone asilimia, ikiwa inacheza karibu na 100 basi pachi ni nzito kweli, punguza maoscileta, na usiwe na mchoro wa mawimbi unaojichora kila sekunde, kuchora kunakula kuliko unavyofikiri. Kwa wenye Windows, draiva za ASIO kwa kawaida zinatulia kuliko zile za kawaida.

Na joto. Hili haliandikwi kwenye miongozo ya Ulaya. Mwezi wa pili na wa tatu huku pwani laptopu ikikaa juu ya kitanda au kwenye kanga inapata moto, ikipata moto inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na pachi iliyokuwa inalia vizuri asubuhi saa tisa mchana inakatakata. Inyanyue kwa vipande viwili vya mbao hewa ipite chini, geuzia feni.

"Namba zinachelewa hatua moja" na "jana ilifanya kazi leo haifanyi"

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu mama yao ni mmoja, mpangilio.

Tundu la kushoto kwenye maboksi mengi ni la moto, kitu kikiingia boksi linafanya kazi papo hapo. La kulia ni la baridi, linapokea linatunza, halisemi kitu. Weka boksi la +, kushoto ingiza 3, jibu 3. Kulia ingiza 5, kimya. Rudi kushoto ingiza 3 tena, jibu 8. Mtu anaona ile 5 imechelewa, hapana, ilikuwa inasubiri ya kushoto.

Sasa mbaya zaidi ni pale unapotoa nyaya mbili kutoka tundu moja kwenda sehemu mbili. Ipi inakwenda kwanza? Ile uliyoiunganisha kwanza. Huoni kwa macho! Ukifuta waya mmoja ukaurudisha, mpangilio umebadilika na mchoro unaonekana uleule. Ndo hiyo "jana ilifanya kazi". Dawa ni trigger, kwa kifupi t. Andika t b f, namba ikiingia, tundu la kulia (f) linatoa kwanza, afu la kushoto (b). Daima kulia kuja kushoto. Mi sasa kila nikitaka kutoa nyaya mbili naweka t bila kufikiri.

Ukiwa hujui kinachotoka kwanza ni kipi, weka maboksi mawili ya print, uyape majina, mfano print ngoma na print zeze, uangalie dirisha la Pd zinavyofuatana.

Kuhusu mapigo, metro inahesabu milisekunde, sio mapigo kwa dakika. Gawanya 60000 kwa kasi unayotaka, 120 inakuwa metro 500. Na metro haianzi yenyewe, inataka 1 au bang. Ukiweka loadbang ili ianze yenyewe usishangae kutoona kitu ukiiandika tu, loadbang inapiga pachi inapofunguliwa, kwa hiyo hifadhi, funga, fungua.

"Imeandika stack overflow" au "Pd imeganda"

Stack overflow ni meseji inayojizungusha yenyewe bila kupumzika. Mfano wa darasani ambao kila mgeni anaufanya ni kihesabio: boksi la f linalotunza namba, chini yake + 1, na waya wa + 1 unarudi juu kwenye f. Ukirudi tundu la kulia, la baridi, inahesabu vizuri moja moja kila bang. Ukirudi la kushoto, f inapiga + 1, + 1 inapiga f, na hakuna wa kusema basi. Hamisha waya kulia. Kama unataka kweli ijizungushe, weka del, boksi la kuchelewesha, katikati hata ya milisekunde 10.

"DSP loop detected" ni kitu kilekile upande wa sauti, umerudisha sauti kwenye chanzo chake bila kuipa muda. Tumia delwrite~ na delread~, au s~ na r~, hizo zinachelewesha furushi moja la sampuli 64, kama milisekunde 1.5 hivi kwenye 44100. Na kwenye mwangwi wowote unaojirudia, namba ya kurudishia iwe chini ya 1, mi siendi juu ya 0.7, ikifika 1 haifi na ikipita 1 inakua mpaka inaumiza. Weka clip~ -1 1, inayozuia sauti isipite hapo, ndani ya mzunguko kama mkanda wa gari.

Ikiganda huku inapiga kelele, mkono wa kwanza uende kwenye amplifaya, sio kwenye maus. Zima amplifaya. Afu ndo uue Pd kwa Task Manager. Na kama pachi inaganda kila ukiifungua kwa sababu loadbang inaanzisha ubaya, ifungue kupitia terminal kwa kuongeza -noloadbang, itafunguka imelala. Faili la .pd ni maandishi tu, unaweza kuliona hata kwenye Notepad, linaanza na #N canvas, ila usifute mstari wa boksi humo, maana nyaya zinayataja maboksi kwa namba zao za mpangilio, ukifuta mmoja nyaya zote za chini zinahama. Nakili kwanza kabla ya kugusa.

"Faili la sauti halifunguki, au linaenda mbio"

Halifunguki: ni MP3 au ni voisi ya WhatsApp, soundfiler na readsf~ za Pd ya kawaida zinataka WAV au AIFF, badilisha kwanza. Au jina lina nafasi, kwa Pd "ngoma kubwa.wav" ni maneno mawili, iandike ngoma_kubwa.wav. Au faili lipo kwenye flashi uliyoichomoa, weka folda moja na pachi yaishe. Na kwenye Windows mkwaju wa njia andika huu /, sio ule mwingine.

Linaenda mbio na sauti imekuwa ya kitoto: lilirekodiwa 44100 na Pd yako iko 48000, readsf~ haibadilishi, inasoma tu. Inakuwa haraka kwa karibu asilimia 9, kama nusutoni moja na nusu juu. Badilisha namba kwenye Audio Settings zilingane.

"Sauti nzuri lakini haikubaliani na ilimba"

Hili si kosa la pachi kwa kweli ila naulizwa sana huku, maana Bagamoyo kuna wapigaji zeze na ilimba, ile ala ya ndimi za chuma, mji huu ndo alioishi marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo. Unatengeneza besi tamu kwenye Pd, mpigaji anaanza, mnasikika kama watu wawili wanaogombana. mtof inagawanya oktava sehemu kumi na mbili sawasawa kama piano, na ilimba ya Wagogo haikutengenezwa kufuata piano.

Usimwambie mzee abadilishe ilimba yake. Weka maiki, adc~ (boksi la kuingiza sauti ya maiki) iingie sigmund~, boksi linalopima noti, tundu la kwanza linakutolea noti kwa namba ya MIDI yenye desimali. Mwombe apige ulimi mmoja mmoja, uandike kwenye karatasi. Tulipofanya hivyo ulimi mmoja ulisoma 62.4, mwingine 65.7. Namba hizohizo zenye desimali ndo unazipa mtof, inazikubali bila shida. Mzee alisikiliza besi, akatikisa kichwa, akasema "sasa inaongea". Sigmund~ inaruka ukipiga kwa nguvu, subiri sauti itulie kidogo ndo usome.

"Inapiga mluzi, inanguruma, inanipiga shoti"

Mluzi: adc~ imeunganishwa na dac~ na maiki inasikia spika. Shusha sauti, vaa hedifoni, au sogeza maiki nyuma ya spika. Masikio yakibaki yanalia baada ya hapo, acha kazi kwa siku hiyo, na kama kesho yake bado yanalia nenda hospitali.

Muungurumo: chomoa chaja ya laptopu, iache kwenye betri. Ukiisha, tatizo ni umeme na sio Pd. Unaweza kuhakikisha kwa kutengeneza osc~ 50 na osc~ 100 kwa sauti ndogo, ukilinganisha utasikia ni jamaa walewale, umeme wetu ni hezi 50. Chomeka laptopu, miksa na amplifaya kwenye ekstensheni moja yenye pini tatu, ikibaki tumia boksi la DI lenye transfoma kati ya laptopu na miksa. Usivunje pini ya ardhi ya plagi. Najua wapo wanaofanya na muungurumo unaisha kweli, lakini siku waya wa moto ukigusa kasha la miksa, njia iliyobaki ya kwenda ardhini ni wewe, na unakuwa umeshika maiki ya chuma miguu iko kwenye sakafu yenye maji.

Hapa ndo mwisho wa kazi yetu sisi watu wa pachi. Ukigusa kasha ukahisi kama sisimizi wanatembea vidoleni, ukisikia harufu ya kuungua, fyuzi ikikatika mara ya pili, zima ukutani na umwite fundi umeme. Na amplifaya usiifungue hata ukiwa umechomoa, ndani kuna kapasita zinazotunza umeme muda mrefu, mwachie fundi wa elektroniki.

Mwaka jana kwenye shughuli moja tulikuwa na hao sisimizi, na mimi ndo nilikuwa nang'ang'ania kuweka hip~, boksi linalokata sauti za chini, kwenye pachi nichuje muungurumo. Dada mmoja mwenzetu aligusa miksa akarudisha mkono haraka, akazima kila kitu bila kuniuliza. Fundi alikuja na mita yake, akaenda moja kwa moja nje kwenye ule waya unaoingia ardhini, akauvuta kidogo tu ukatoka mkononi, chumvi ya bahari ilishaula pale kwenye kiungio mpaka umekuwa unga wa kijani. Akafunga mpya, akapima, akasema washeni. Nikaiondoa hip~ niliyokuwa nimeiweka.